Uzi: Mfumo wa faili uliothibitishwa kihesabu, na kasoro iliyokutwa ndani yake

Mleta mada

Wakuu, salaam. Tumezoea kusikia kwamba programu fulani imejaribiwa kikamilifu, na mara nyingi maneno hayo hutamkwa siku chache kabla ya programu hiyohiyo kuwaumbua wenye nayo. Lipo tawi la sayansi ya kompyuta lisilotosheka na majaribio: linadai uthibitisho wa kihesabu kwamba programu hutenda kilichoahidiwa katika hali zote, si katika zile tu alizozikumbuka mjaribu. Ningependa tulijadili kupitia utafiti mmoja wa shahada ya uzamivu, kwa sababu somo hili likizungumzwa kwa jumla huishia kwenye sifa tupu.

Utafiti wenyewe ni wa Haogang Chen, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT nchini Marekani, katika kundi la Frans Kaashoek na Nickolai Zeldovich, akishirikiana na Adam Chlipala na wanafunzi wenzake. Mwaka 2015 kundi hilo liliwasilisha FSCQ, mfumo wa faili ulioandikwa pamoja na uthibitisho wake ndani ya Coq, ambayo ni programu ya kusaidia kuandika hoja za kihesabu na kuzikagua hatua kwa hatua. Tasnifu ya Chen ikafuata mwaka 2016.

Mfumo wa faili ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayoichukua diski, ambayo yenyewe ni safu ndefu ya vipande vyenye namba tu, na kuifanya ionekane kuwa mafaili na mafolda yenye majina. Kazi hiyo ingekuwa nyepesi kama umeme usingekatika. Ukiongeza aya moja mwishoni mwa faili, mfumo unalazimika kuandika mahali kadhaa: data yenyewe, ramani ya vipande vilivyo huru, na rekodi inayoeleza urefu wa faili na vipande vyake viliko. Umeme ukikatika baada ya ramani kuandikwa lakini kabla ya rekodi, kipande kinahesabiwa kuwa kimetwaliwa ilhali hakuna faili linalokidai. Mpangilio ukiwa kinyume chake hali ni mbaya zaidi, kwa maana ramani inasema kipande kiko huru, kinapewa faili jingine, na mafaili mawili yanaanza kuandikiana juu. Tena diski haina uaminifu katika suala la mpangilio: ina kache yake (kumbukumbu ya muda), na ikiona faida ya kasi huandika la tatu kabla ya la kwanza, isipokuwa imeamriwa waziwazi kumaliza yaliyotangulia.

Dawa iliyozoeleka ni daftari la awali. Mfumo huandika kwanza kwenye daftari mabadiliko yote unayoyakusudia, kisha huweka alama moja ya kuyakamilisha, na ndipo huyahamishia mahali pake pa kudumu. Ukizimika kabla ya alama, mabadiliko yote hutupwa utakapowashwa. Ukizimika baada ya alama, yote hurudiwa upya. Kusimulia ni rahisi. Kutekeleza ndiko kunakosumbua, kwa sababu maandiko 20 yaliyo kwenye kache, kila moja likielekea kipande chake na likiweza kuwa limefika au halijafika, yanaweza kuiacha diski katika hali 1,048,576 tofauti, na hakuna mjaribu atakayezipitia zote kwa kila operesheni ya mfumo.

Hapa ndipo mchango wa utafiti unapoanzia. Mwaka 1969 Tony Hoare alipendekeza namna ya kuizungumzia programu kwa masharti: sharti tangulizi likitimia kabla ya programu kuanza, basi programu ikimaliza, sharti hitimishi litakuwa limetimia. Mantiki hiyo imewalea watafiti wengi, lakini ina ukimya mmoja unaoikwamisha kabisa katika suala letu: haisemi lolote kuhusu katikati. Programu iliyozimika njiani haijamaliza, na kwa hiyo mantiki ya Hoare haina neno juu yake. Chen na wenzake waliongeza sharti la tatu, sharti la mzimiko, linaloeleza hali zote ambamo diski inaweza kuwemo endapo mfumo utazimika wakati wowote tangu mwanzo hadi mwisho wa utaratibu husika. Wakaiita mantiki hiyo kwa jina la Hoare na la mzimiko kwa pamoja.

Ili sharti hilo liwe na maana ilibidi kwanza diski yenyewe ielezwe kihesabu, na maelezo waliyochagua yananipendeza kwa uchache wake. Kila kipande cha diski hakina thamani moja. Kina thamani ya mwisho iliyoandikwa, pamoja na mkusanyiko wa thamani za nyuma yake ambazo bado zinaweza kusalia. Mzimiko ukitokea, kila kipande huchaguliwa thamani moja kati ya hizo, na programu haina sauti katika uchaguzi huo. Agizo la kumaliza maandiko hufuta thamani za nyuma na kubakiza ya mwisho. Yale mashaka yote ya kache niliyoyaeleza hapo juu yamo ndani ya maelezo hayo mafupi.

Sehemu ngumu kuliko zote ni urejeshaji. Mfumo unapowashwa baada ya mzimiko, kuna utaratibu unaolisoma daftari na kuamua litupwe au lirudiwe. Je, umeme ukikatika tena wakati utaratibu huo bado unaendelea? (Sote tunaujua umeme unaorudi kidogo, ukakupa matumaini, kisha ukaondoka.) Uthibitisho hauwezi kusema kwamba jambo hilo ni nadra. Unapaswa kuonyesha kwamba hali yoyote ambamo urejeshaji unaweza kuzimika ni hali ambayo urejeshaji huohuo unaweza kuanzia tena, yaani sharti lake la mzimiko linatosha kulitimiza sharti lake tangulizi. Jambo hilo likishathibitishwa, idadi ya mizimiko inayofuatana haina umuhimu, hata iwe elfu moja, na mwenye kutumia faili haoni lolote isipokuwa moja kati ya mambo mawili: operesheni ilifanyika yote au haikufanyika kabisa.

Nimeishia hapo kwa sasa. Maswali yanakaribishwa.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, shukrani kwa uzi uliotulia. Mimi nafanya kazi kwenye kitengo cha mifumo katika taasisi ya fedha, na habari ya diski iliyopoteza rekodi baada ya umeme kukatika si hadithi kwangu. Naomba ufafanuzi: je, mfumo huu unaweza kuwekwa kwenye seva ya kazi? Pili, mtu akisema umethibitishwa, je, ni sahihi nikimwambia mkuu wangu wa kazi kwamba hauna kasoro?

Mleta mada

Mkuu, maswali yako yote mawili jibu lake ni hapana, ila kwa sababu zinazotofautiana.

Kuhusu seva: FSCQ ulifuata muundo wa mfumo wa faili wa xv6, mfumo endeshi mdogo ambao MIT huutumia kufundishia. Msimbo wake hutolewa ndani ya Coq ukiwa katika lugha ya Haskell, kisha huendeshwa juu ya Linux kama programu ya kawaida kupitia FUSE, njia ya kuendesha mfumo wa faili nje ya kiini cha mfumo endeshi. Unashughulikia operesheni moja kwa wakati mmoja. Kwa mtafiti hilo linatosha kabisa, kwa kuwa hoja ilikuwa kuonyesha kwamba inawezekana kuthibitisha mfumo mzima pamoja na mizimiko yake. Kwa benki yenye maombi mengi kwa sekunde, halifai.

Kuhusu kasoro: uthibitisho ni sentensi, na sentensi ina kiima na mipaka yake. Sentensi ya FSCQ inasema kwamba msimbo ulioandikwa katika Coq, ukiendeshwa juu ya diski inayotenda kama tulivyoieleza, unatimiza ufafanuzi rasmi ulioandikwa na watafiti. Haisemi kwamba kompaila ya Haskell, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, haikosei. Haisemi kwamba Linux na FUSE hazikosei. Haisemi kwamba diski uliyoinunua inatii agizo la kumaliza maandiko badala ya kujibu tu kwamba limetekelezwa. Na haisemi kwamba ufafanuzi rasmi wenyewe ndio uliokuwa kichwani mwa mtumiaji. Tena watafiti wenyewe hawakuficha: mwenye kusoma kazi yao anaikuta orodha ya mambo yanayoaminiwa bila kuthibitishwa.

Na mipaka hiyo si ya kinadharia. Mwaka 2018 kundi la Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, Jayashree Mohan akiwa mwandishi wa kwanza, lilitoa zana mbili, CrashMonkey na Ace, zinazotengeneza mifuatano mifupi ya operesheni za faili, kuigiza mzimiko na kukagua kilichosalia. Walianzia kwenye uchunguzi wa kasoro zilizokwisha kuripotiwa katika miaka 5 iliyotangulia, wakagundua kwamba nyingi kati yake hujitokeza kwa operesheni 3 au pungufu kwenye mfumo wa faili uliotengenezwa punde. Kwa zana hizo walipata kasoro mpya 10 katika mifumo ya faili ya Linux iliyokomaa na inayotumika sana, 7 kati yake zikiwa zimekaa ndani ya kiini tangu mwaka 2014. Na wakapata moja ndani ya FSCQ: data iliyoagizwa ihifadhiwe kwa fdatasync, agizo la kulazimisha data ya faili ifike diskini, ilipotea baada ya mzimiko.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta mada, kwa heshima zote, umejijibu mwenyewe. Watu wametumia miaka kuthibitisha, kisha wakaja wajaribu na zana zao wakaikuta kasoro. Mimi ningechukua fedha hizo nikaajiri wajaribu wazuri. Nimesoma pia kwamba seL4 ya Australia, kiini cha mfumo endeshi kilichothibitishwa, chenye mistari takriban 8,700 ya lugha ya C, kilihitaji mistari kama 200,000 ya uthibitisho. Huo si uhandisi, ni ibada.

Mleta mada

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na takwimu zako za seL4 ni sahihi. Kiini hicho kilithibitishwa Sydney mwaka 2009, na kazi ya uthibitisho ilikadiriwa kuwa sawa na miaka 20 hivi ya mtu mmoja. Lakini tutazame kasoro ya FSCQ ilikuwa wapi kabla hatujahukumu. Haikuwa katika daftari, wala katika urejeshaji, wala katika msimbo wowote uliothibitishwa. Ilikuwa katika msimbo unaounganisha Haskell na C, ambako mtu aliongeza mbinu ya kuharakisha agizo hilo, na sehemu hiyo ilikuwa nje ya uthibitisho. Agizo la fdatasync lenyewe lilikuwa limethibitishwa. Aliyeliita ndiye aliyekosea.

Mtindo huohuo unajirudia kila mahali watu walikochunguza. Mwaka 2017 Pedro Fonseca na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walichunguza mifumo mitatu iliyothibitishwa ya kompyuta nyingi zinazofanya kazi pamoja, yaani IronFleet, Verdi na Chapar, wakapata kasoro 16. Hakuna hata moja iliyokuwa katika itifaki zilizothibitishwa. Zilikuwa katika ufafanuzi rasmi, katika zana za uthibitisho, na katika tabaka jembamba linalounganisha programu na mfumo endeshi. Miaka 6 kabla yao, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walitumia Csmith kuzalisha programu za C kwa bahati nasibu na kuripoti kasoro zaidi ya 325 katika kompaila mbalimbali. Katika CompCert, kompaila ya Xavier Leroy iliyothibitishwa kwa Coq, walichokipata kilikuwa katika sehemu zisizothibitishwa.

Kwa hiyo sikubaliani nawe kwamba wajaribu wameushinda uthibitisho. Ninachokiona ni kwamba uthibitisho umewapunguzia eneo la kuwinda. Mjaribu wa mfumo wa kawaida hajui aanzie wapi kati ya maelfu ya mistari. Mjaribu wa FSCQ anajua kwamba kama kuna kitu, kimejificha mpakani. Ninachokilaumu, na hapa tuko upande mmoja, ni matangazo yanayosema programu isiyo na kasoro, kwani humfanya msomaji aache kuuliza swali pekee lenye maana, yaani imethibitishwa dhidi ya ufafanuzi upi, na juu ya dhana zipi.

Suala la gharama sina jibu la mkato. Mfumo unaobadilishwa kila wiki kwa matakwa ya soko hauwezi kubeba uthibitisho wa aina hii. Mfumo wa faili ukishatulia hukaa miaka mingi, na kasoro yake moja huharibu data ya watu wasiojua hata kwamba upo.

Mchangiaji wa tatu

Shikamoo mkuu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nafikiria kuendelea na uzamivu katika eneo hili. Sielewi jambo moja: kama msimbo uliotoka hautumiki kwenye seva, na kama muundo wake ulikopwa kutoka xv6, basi shahada ilitolewa kwa kitu gani hasa? Wasimamizi wetu huuliza kila mara mchango mpya ni upi.

Mleta mada

Marahaba. Ilitolewa kwa mantiki, na kwa ufafanuzi rasmi. Kabla ya utafiti huo kulikuwa na mifumo ya faili mingi na kulikuwa na mantiki ya Hoare; kilichokosekana ni lugha ya kueleza, kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuikagua, kwamba programu hii inastahimili mzimiko. FSCQ ni ushahidi kwamba lugha hiyo inaubeba mfumo mzima, pamoja na mafolda na mafaili yake, na si mfano wa ukurasa mmoja tu.

Anayetoka kwenye uhandisi hudhani kwamba ugumu uko katika kuthibitisha. Kuthibitisha ni kazi ndefu, lakini mwelekeo wake unajulikana. Ugumu wa kweli ni kuamua useme nini. Chukua kazi iliyofuata ya kundi hilo, DFSCQ ya mwaka 2017. FSCQ wa kwanza ulikuwa wa polepole, na mifumo ya faili hupata kasi kwa kuahirisha: data inabaki kwenye kumbukumbu ya muda, na mtumiaji mwenye haja ya uhakika anaomba kwa fsync au fdatasync. Sasa jiulize: mtumiaji asiyeomba lolote, mfumo ukazimika, anapaswa kukuta nini? Viwango rasmi vilivyopo havijibu swali hilo kwa usahihi unaohitajika na Coq, na watengenezaji wa Linux wenyewe huwa hawakubaliani. Mtafiti hana wa kumwuliza. Anapaswa kuamua, kisha aonyeshe kwamba uamuzi wake una manufaa kwa mwandishi wa programu na bado unamruhusu mwenye mfumo wa faili kwenda kasi.

Walichoamua ni hiki. Mti mzima wa mafolda una historia, kila badiliko la muundo likizaa mti mpya. Baada ya mzimiko mtumiaji hupata mmoja kati ya miti iliyo katika historia hiyo, bila kurukwa kwa badiliko la katikati, ilhali maudhui ya ndani ya mafaili yanaweza kufika diskini kwa mpangilio wowote mpaka fdatasync iitwe. Uamuzi huo unaoonekana mdogo ulileta tatizo ambalo lingempita mtu asiyethibitisha. Maudhui yakiandikwa moja kwa moja diskini bila kupitia daftari, na kipande hicho kilikuwa cha faili lililofutwa punde, mzimiko unaweza kulirudisha faili la zamani likiwa limebeba data ya faili jipya. Hiyo si hasara ya data peke yake, ni uvujaji wa siri. Hivyo kipande kilichoachwa huru hakirudishwi kazini mpaka kwanza badiliko la kukiachia liwe limefika diskini.

Kuhusu maandalizi, hesabu ya juu sana haihitajiki. Inahitajika mantiki, uandishi wa programu kwa lugha za kifankishoni kama Haskell, na mifumo endeshi uliyoisoma kwa kuifungua msimbo wake. Coq, ambayo sasa inaitwa Rocq, pamoja na zana nyingine za uthibitisho kama Isabelle, Lean na Dafny, zote zinapatikana bure, na kompyuta ya kawaida inatosha kuanzia. Anza na kitu kidogo kama daftari la vipande viwili, ulithibitishe dhidi ya mzimiko, na utaelewa haraka kama kazi hii unaipenda au la.

Mchangiaji wa kwanza

Narudi tena, mkuu. Umesema FSCQ unashughulikia operesheni moja kwa wakati mmoja. Seva zetu zina watumiaji wengi kwa mpigo. Je, kizuizi hicho kiliondolewa, au ndiyo mwisho wa barabara?

Mleta mada

Kiliondolewa, na aliyekiondoa alikuwa mmoja wa waandishi wa FSCQ. Tej Chajed aliendelea na uzamivu wake palepale MIT na kuumaliza mwaka 2022, akijikita katika mfumo wa faili unaohimili mizimiko na watumiaji wengi kwa pamoja. Ugumu wake ni kwamba mambo hayo mawili huzidishiana: mzimiko unaweza kumkuta mtumiaji mmoja katikati ya operesheni, wa pili akiwa ameshika kufuli (inayowazuia wengine kugusa data ileile), na wa tatu amekwisha kujibiwa kwamba kazi yake imehifadhiwa, na urejeshaji unapaswa kumtendea kila mmoja haki yake ilhali kufuli zote zimefutika pamoja na kumbukumbu ya muda.

Mwaka 2019 yeye na wenzake walitoa Perennial, mantiki iliyojengwa ndani ya Coq juu ya msingi wa Iris, mantiki ya programu zinazofanya mambo mengi kwa pamoja, inayohusu programu zilizoandikwa kwa lugha ya Go ya kawaida. Zana iitwayo Goose huutafsiri msimbo wa Go na kuuingiza Coq ili uthibitishwe. Juu yake wakajenga GoJournal, tabaka la miamala lenye daftari la awali, mwaka 2021, na mwaka 2022 DaisyNFS, seva ya mafaili inayozungumza NFS, itifaki ya kutumia mafaili kupitia mtandao, ambayo Linux hujiunganisha nayo bila kubadilishwa chochote.

Mbinu niliyoipenda katika DaisyNFS ni mgawanyo wa kazi. Tabaka la miamala, yaani GoJournal, lilithibitishwa kwa Perennial, kwa jasho lote linalohitajika, kwamba kila muamala hutokea wote au hautokei, hata watumiaji wakiwa wengi na hata umeme ukikatika. Baada ya hapo operesheni za faili ziliandikwa katika Dafny kana kwamba kuna mtumiaji mmoja na umeme haukatiki, na Dafny hukagua sehemu kubwa ya hoja yenyewe bila kuandikiwa kila hatua. Uthibitisho wa tabaka la chini ndio unaohalalisha dhana hiyo nyepesi ya tabaka la juu.

Kwa seva yako, mkuu, yanayobaki kuaminiwa bila uthibitisho ni Goose, kompaila ya Go, Dafny na jinsi inavyotoa msimbo wa Go, msimbo unaosoma jumbe za NFS kutoka kwenye mtandao, na diski kutii agizo la kumaliza maandiko. Hilo la mwisho unaweza kuanza kulichunguza mwenyewe kwa diski mlizonazo.